Gari la Watu Wawili Hadi Korongoni

Nimeacha usukani kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya barabara, ingawa barabara nayo ilijitahidi. Vijana wa parkingi, wanaoniita Papa Deo, wameniomba niwaandikie kazi ya kupeleka watu kwenye korongo: upitie wapi, usimame wapi, ubebe nini. Siku hizi njia ya kaskazini ikifunguliwa leo hujui kesho itaamkaje, lakini wao wanasema iko siku itatulia na watu watataka tena kutembea. Haya. Ninayoyajua ni haya, na mengi yake ni malalamiko.

Korongo lenyewe ninyi mnalijua kwa sifa. Mto unajitupa juu ya mwamba, unaingia katika ufa mrefu wa mawe meusi, halafu unatokea upande wa pili kama vile hakuna kilichotokea. Mtu akitoka Goma asubuhi atapanda Kibumba kwenye baridi na kabichi, atashuka Rugari, atapita Kalengera, atafika, atatazama, atakula, na atarudi kabla ya giza. Ukiisikia hivyo unaona ni kazi ya kulala. Kinachochosha si mawe ya barabarani. Kinachochosha ni neno moja la Kifaransa ambalo watu wa mji wetu wanalipenda sana na hakuna anayelielewa: privé. Safari ya privé maana yake umekodi gari zima, wewe na yule uliyemtaka, na viti vinavyobaki vibaki vitupu. Nimeendesha gari nusu ya maisha yangu na sijaona kiti kitupu kikitoka Goma salama.

Kazi nilifundishwa na Muzee Ramazani, mtu wa familia za Maniema, kofia yake nyeupe hata akiwa amelala chini ya gari. Siku ya kwanza nilikuja nimevaa shati la kanisani nikidhani nitapewa usukani. Nilipewa kamba. Alinifundisha kufunga mzigo juu ya gari, akaufungua, akaniambia nifunge tena, akaufungua. Kisha akanionyesha vitu ambavyo gari lisiondoke bila hivyo: kriki ya kuinulia, panga, bidoni mbili za maji, na vipande viwili vya mti wa mkaratusi vya kuzuia magurudumu kwenye mteremko. Nilimuuliza kwa nini vipande vya mti, na breki ya mkono ipo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Miaka michache baadaye, kwenye mteremko wa korongo, breki ile ilipoachia, nilielewa, na vipande vile ninavyo hadi leo chini ya kitanda. Mke wangu huvizunguka na ufagio kila asubuhi na kuguna.

Jambo la pili alilofanya siku ile ni kukishika kioo cha ndani, kile kinachoning'inia juu ya dereva, na kukigeuza kikaangalia dari.

"Muzee, kioo iko mubaya?" nilimuuliza.

"Iko muzuri. Njo maana nimeigeuza. Vioo vya inje vinaangalia barabara. Hii ya ndani inaangalia mambo ya watu. Weye uko shofere ao uko shemeji yao?"

Tangu siku hiyo kila gari nililoendesha kioo chake cha ndani kilitazama dari. Matajiri wa magari walinigombeza, abiria walinicheka, mimi sikukirudisha. Ukikosa kuona, masikio yanabaki, lakini masikio ya dereva yamejaa kelele za injini, na hiyo ni neema.

Kuhusu privé, Muzee Ramazani hakunifundisha kwa maneno. Safari yangu ya kwanza naye tulikodiwa na bwana mmoja aliyetaka kwenda kuliona korongo na mke wake tu. Tulipofika getini kwake walikuwa wamesimama pale dada wa mke, mtu wa kwaya aliyekuwa na msiba Rutshuru, na mama mmoja mwenye magodoro mawili ambaye hakuna aliyemjua. Nilimtazama Muzee. Alikuwa tayari anafungua kamba. "Gari tupu ikipita," akaniambia, "watu wanasema shofere iko na roho mubaya. Hawasemi patron aliyeikodi. Wanasema shofere."

Ndivyo ilivyo kwetu, na msidhani mtaibadilisha. Usafiri ni shida, jamaa wamejaa kote njiani, na mtu akisikia kuna gari linakwenda kwao huku viti vinabeba hewa, anaona ni dhambi. Nimebeba mbuzi kwenda kwenye korongo. Nimembeba mchungaji aliyetaka kuliimbia korongo aone kama litajibu, akaimba hadi mvua ikatukuta. Nimembeba bibi harusi wa viatu virefu, aliyetaka picha kwenye ukingo, na mimi nilimshika mkanda wa gauni kwa nyuma muda wote huku bwana harusi akiniambia nijifiche nisionekane. Nimembeba kijana aliyekaa kimya njia nzima, akafika, akachungulia chini, akaniuliza, "Ni hii tu?" Huyo nilitaka kumwacha hukohuko.

Lakini safari ninayotaka muisome vizuri ni ya Janvier na Solange, maana katika zote ndiyo iliyonipandisha damu kuliko nyingine.

Mwaka huo barabara ilikuwa imetulia kidogo na Muzee Ramazani alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Janvier alikuwa fundi wa mabati wa mtaa wa Katindo, mtu mpole, mwenye tabia ya kusema "nitatengeneza" na asitengeneze. Alinikuta parkingi akanivuta pembeni. Mke wake Solange alikuwa amerudi kwa mama yake, mtaa wa Ndosho, miezi imepita. Familia mbili zilikuwa zimepanga kukaa Jumapili ile: upande wa mke warudishe ng'ombe wa mahari, na ndoa iishe. Tangu mke aondoke, Janvier hakuwahi kuzungumza naye hata dakika moja bila shangazi au mjomba kukaa katikati.

"Papa Deo," akasema, "niko nataka siku moja. Siku moja tu, niongee naye mbele ya Jumapili, siku ya Mungu. Mu nyumba hatuwezi. Mu kanisa hatuwezi. Utupeleke ku korongo. Tuko watu wawili tu, papa. Wawili."

"Privé," nikasema.

"Privé kabisa."

Nilimwonea huruma, lazima niseme hivyo. Nilimwapia kwamba safari hii, hata askofu akisimama barabarani, sitafungua mlango.

Sasa sikilizeni walichokifanya wenyewe. Solange alikuwa anakaa kwa mama yake, na mtoto wa watu hatoki kwa mama yake alfajiri bila kuaga. Akaaga. Janvier naye kwao ni Kalengera, na mtu hapiti mbele ya mlango wa kwao kimyakimya, wakisikia watadhani amekosana nao. Akamjulisha baba yake mdogo, Papa Fidele, anayekaa mtaa wa Majengo. Kila mmoja alifanya kama alivyolelewa. Asubuhi nilipofika Ndosho, mama yake Solange, Mama Vumilia, alikuwa amekaa juu ya kiti mbele ya geti, kitenge kipya, mkoba magotini. Pembeni yake mdogo wake, na sufuria ya sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, imefungwa kwa kitambaa.

"Mama, safari ni ya watu wawili," nikamwambia.

"Nasikia. Binti yangu na mimi, njo wawili. Ule mwanaume, sijui anafanya nini mule." Akapanda. "Mutoto wangu haiwezi kwenda ku shimo na mutu tunamurudishia ng'ombe."

Mdogo wake akapanda na sufuria. Niliapa kwa ajili ya askofu, sikuapa kwa ajili ya mama mkwe. Janvier alikuwa amekaa mbele, karibu yangu, akitazama miguu yake.

Majengo, Papa Fidele alikuwa katikati ya barabara na kofia mkononi, na nyuma yake mabinamu wawili wa kushushwa Kalengera na gunia la chumvi. Alipomwona Mama Vumilia ndani, akasema upande wa mke hauwezi kuwa na wazee wawili na upande wa mume usiwe na hata mmoja. Nilifungua kamba. Kwa hasira gunia lile nililifunga vibaya kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kazi.

Njia nzima hadi Kibumba wazee wa pande mbili walisemana kwa kupitia hewa. Mama Vumilia alimwambia mdogo wake kuna nyumba fulani Katindo ambayo inavuja mvua juu ya kitanda, na mwenye nyumba ni fundi wa mabati. Papa Fidele aliwaambia mabinamu kuna wanawake fulani ambao mama zao waliwafundisha kulalamika kabla ya kuwafundisha kupika. Solange alikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, kimya. Kioo changu kilitazama dari.

Kalengera tulisimama "dakika mbili." Ninyi vijana, mkisikia dakika mbili za Kalengera, zimeni injini na mtafute kivuli. Fufu ilisongwa. Sombe ya majani ya muhogo ilitoka. Mama Vumilia hakutaka kula kwenye nyumba ya watu anaowarudishia ng'ombe, akala kidogo kwa heshima, akaongezewa, akala. Wakati wa kuondoka, shangazi wa Janvier akaja na kuku mwekundu, mguu umefungwa kwa kamba, akampa Mama Vumilia kwa mikono miwili, kama inavyompasa mgeni aliyekuja kwa mara ya kwanza.

Mama Vumilia alimtazama yule kuku. Kumkataa ni tusi. Kumpokea ni kama kusema ukwe bado upo.

"Nitamukamata," akasema, "juu sina adabu mubaya. Lakini muelewe: siku ya Mungu nitamurudisha pamoja na ng'ombe."

"Murudishe na mayai yake," Papa Fidele akajibu.

Kuku akapanda. Kabla hatujapita shule ya mwisho ya kijiji alikuwa ameshachafua kiti changu, na nikasikia mwenyewe nikimwambia Mungu kwa sauti kwamba nataka kustaafu.

Tulifika korongoni jua limeshapinda. Niliweka vipande vyangu vya mti chini ya magurudumu na nikasubiri nione privé itafanyikaje. Janvier alishuka, akamwendea Solange, akasema, "Tutembee kidogo?" Mama Vumilia akasema, "Tutembee." Papa Fidele akasema, "Ndiyo, tutembee." Wakatembea wote watano, mstari mmoja, kama wanaosindikiza jeneza, wakafika ukingoni, wakasimama. Janvier alifungua mdomo. Wote wakamgeukia. Akafunga.

Alirudi peke yake hadi kwenye gari na kuegemea boneti. Alikuwa na machozi, mtu mzima, akiyafuta kwa mkono wenye kovu la bati. Hapo nilikasirika kweli. Nilimkasirikia yeye kwa kuaga kwao, nikamkasirikia Solange kwa kuaga kwa mama yake, nikawakasirikia wazee, nikajikasirikia mimi na kamba yangu. Siku nzima, bidoni mbili za maji, milima yote ile, ili watu wawili waseme maneno machache, na ikashindikana hata hapo.

Sasa, korongo lina njia ya kushuka hadi majini. Ni vidato vilivyochimbwa kwenye udongo, vyenye utelezi, na mizizi ya kushikilia. Miaka yote ile mimi sikuwahi kushuka. Dereva anabaki na gari, hiyo ni sheria, na pia nilikuwa mwoga. Nikamwendea Papa Fidele.

"Muzee, umefika mpaka huku, haushuke kunawa miguu? Kesho Kalengera wakikuuliza maji iko namna gani, utasema uliiona ya juu?"

Alivuta suruali juu papo hapo. Halafu nikageuka kwa Mama Vumilia.

"Weye mama ubakie. Muzee atashuka peke yake. Ataenda kuwaambia watu upande wa mwanamuke walishindwa na mutelemko kidogo."

"Nani ameshindwa?" Mama Vumilia akasema. Alikuwa tayari anakaza kitenge.

"Na gari?" mdogo wake akauliza. "Gari itabakia na nani?"

"Gari haiwezi kubakia bila mutu," nikasema. "Janvier na Solange watalinda mizigo. Mimi nitawaongoza, njia naijua."

Njia sikuijua hata kidogo. Nilitangulia nikikata majani kwa panga la Muzee Ramazani, magoti yanalia, Mama Vumilia nyuma yangu ameshika kuku, maana hakutaka kumwacha kwenye gari na upande wa mume. Katikati ya mteremko alikanyaga udongo mbichi na kuteleza. Papa Fidele alimdaka mkono. Mama Vumilia aliusubiri uachiliwe, haukuachiliwa, kwa sababu mbele kulikuwa na utelezi zaidi na mzee mwenyewe alihitaji kitu cha kushikilia. Wakashuka hivyo, wakigombana, mkono kwa mkono, hadi chini.

Na chini, wenzangu, ndipo nilipoona nilichokuwa nikiwapelekea watu miaka yote. Kuta nyeusi zinapanda pande mbili hadi anga inakuwa utepe, maji yanapita baridi na kwa nguvu, na ukisema neno linakurudia kutoka kwenye mawe. Nilijisikia furaha, na nilijisikia mjinga. Niliwachelewesha makusudi. Nikawaambia wanawe miguu vizuri. Nikawaambia wapumzike. Mama Vumilia alipotaka kupanda nikasema vidato vya kupandia vinataka jua lipite kwanza, jambo ambalo halina maana yoyote. Papa Fidele alinitazama, akakohoa, akakaa juu ya jiwe akasema kweli, yeye amesikia hivyo pia.

Tulipanda polepole mno, kwa sababu zangu na kwa sababu za magoti. Tulipofika juu, gari lilikuwa wazi milango yote. Janvier na Solange walikuwa wamekaa kwenye majani, sufuria ya sambaza katikati yao, wazi, tupu.

"Mumekula sambaza yote!" mdogo wa Mama Vumilia akalia. "Yote! Siye tule nini?"

"Tulisikia njaa," Janvier akasema.

Solange hakuwa ananyamaza tena. Alikuwa anamsema. Alimsema juu ya bati la chumbani, juu ya ngazi aliyoiazima kwa jirani akaikalia, juu ya kila "nitatengeneza" aliyowahi kumwambia, na alimsema huku akiokota sambaza moja ya mwisho iliyoshikamana na ukingo wa sufuria, akaikata vipande viwili, akampa kimoja. Mama Vumilia aliiona ile sambaza. Kwetu mke aliyeamua kuondoka hali chakula na mume chombo kimoja. Alimhamisha kuku kutoka kwapa moja kwenda jingine na akapanda garini.

Njia ya kurudi walinipakia ndizi Kalengera, na viazi Kibumba, na mtu mmoja mwenye bomba la maji lililotoka nje ya dirisha. Nilifunga kamba. Nilimsikia Solange nyuma akiendelea na bati, na Janvier, aliyehamia karibu naye, akijibu, na mara moja nilimsikia mke akicheka.

Majengo tulimshusha mwenye bomba, halafu Papa Fidele. Mzee alimuaga Mama Vumilia kwa kumpa mkono, akauliza Jumapili waje saa ngapi. Mama Vumilia akasema atatuma mtu. Kwa Janvier, Katindo, ndiko kulikotangulia njiani, nikapunguza mwendo. "Endelea, papa," Janvier akasema. "Tumusindikize mama." Nikaendelea hadi Ndosho.

Getini nilishusha ndizi, viazi, sufuria. Mdogo wake akashuka. Mama Vumilia akashuka na kuku wake, akashikilia mlango wazi, akamngoja binti yake. Binti hakusogea.

"Solange. Haushuke?"

"Mama," Solange akasema, taratibu sana, "gari iko inaendelea."

Nilishika usukani nikatazama mbele. Siku nzima nilikuwa nimemchukia yule mama, na sasa nilikuwa namwombea. Alisimama pale na kitenge chake kipya, matope hadi magotini. Kisha akaingiza mikono yake miwili ndani na kumweka yule kuku mwekundu kwenye mapaja ya Janvier.

"Nilisema kuku nitarudisha," akasema. "Basi nimerudisha. Ya ng'ombe sikumbuki."

Akafunga mlango mwenyewe, kwa nguvu, akaingia ndani.

Kutoka Ndosho hadi Katindo si mbali, na ni mawe matupu. Niliendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha. Kwenye kona mtu alinipungia mkono na gunia lake, nikampita. Viti vyote vya nyuma vilikuwa vitupu, isipokuwa vya watu wawili, kama tulivyopatana. Kuku sikumhesabu.